SAMAKI HAJUI MPAKA, LAKINI SHERIA YAMJUA MNYONGE



Katika mwaka ambao katazo la omena linashikwa barabara, mtu akisimama sokoni Busia mwezi wa Aprili ataona jambo la kumshangaza. Magunia ya omena yateremshwa kutoka upande wa Uganda, hamali wetu wayabeba mgongoni, mama wa samaki wayapima kwa debe na gorogoro, na malori yajazwa kwenda Kisumu na Nairobi. Lakini mtu huyo huyo akipanda matatu akateremka Sio Port, au akafika Port Victoria na Marenga, atakuta mashua zimevutwa mchangani, taa zimewekwa ndani ya nyumba, na vijana wamekaa chini ya mti hawana la kufanya. Ziwa ni moja. Omena ni yule yule. Upande mmoja kazi yaendelea, na upande wa pili kazi imefungwa kwa sheria.

Basi katika toleo hili twataka kusema habari za sheria za samaki na wanyama wa porini, kwa maana sheria hizi zagusa tumbo la mfanya kazi wa wilaya hizi kuliko wengi wanavyofikiri. Mwanachama wa Malaba asiseme, "Sisi hatuna ziwa, haya ni mambo ya watu wa Bunyala na Samia." Gunia analobeba limetoka ziwani. Omena aliye katika sufuria yake usiku ametoka ziwani. Na jambo kubwa zaidi ni hili: namna sheria inavyomshika baria wa mashua leo, ndivyo itakavyomshika hamali na dereva kesho, ikiwa wafanya kazi watanyamaza.

HATUPINGI SHERIA

Kwanza tuseme wazi, ili mtu asije akatupa maneno tusiyoyasema. Chama chetu hakipingi sheria ya kulinda samaki. Mfanya kazi wa ziwani ndiye wa kwanza kujua kwamba samaki wamepungua. Hakuhitaji kuambiwa na mtaalamu. Yeye ndiye aliyekuwa akirudi asubuhi na mashua imelala majini kwa uzito, na sasa arudi mashua yaelea kama jani.

Mbuta hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza, akatiwa majini upande wa Uganda. Akakaa miaka, akazaa, akawala fulu na samaki wengine wadogo ambao wazee wetu walikuwa wakiwala. Halafu katika miaka ya 1980 vikaja viwanda vya minofu, na mbuta akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Bei ikapanda, na kila mwenye fedha akataka mashua. Nyavu zikaongezeka, na matundu ya nyavu yakapungua. Mbuta ambaye hajatimiza sentimita 50 hajapata nafasi ya kuzaa, lakini alikuwa akivuliwa, na hata leo yupo anayevuliwa na kukaangwa sokoni.

Tena tukumbuke mwaka 1999. Watu wachache walitia sumu majini ili kupata samaki upesi. Nchi za Ulaya zikafunga mlango, zikakataa samaki wote wa ziwa hili. Aliyetia sumu alikuwa mtu mmoja hapa na mwingine pale, lakini waliokaa bila kazi walikuwa maelfu, katika viwanda, katika malori na katika fuo zote. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba uvuvi mbaya ni njia ya maskini kujipatia chakula, twamjibu kwamba uvuvi mbaya ni njia ya mtu mmoja kula chakula cha wenzake mia.

Basi sheria lazima iwepo. Neno letu ni jingine. Twauliza: sheria hii yamshika nani, na yamwacha nani?

SHERIA ZENYEWE

Ni vizuri mwanachama azijue, kwa sababu askari humwonea zaidi asiyezijua.

Ilikuwapo Sheria ya Uvuvi ya 1989. Chini yake lilitoka tangazo la Serikali la 2001, nalo ndilo watu wa ziwani walilolisikia sana. Lilikataza juya la kukokota ufuoni. Lilikataza nyavu za plastiki za uzi mmoja. Liliagiza nyavu za kutega ziwe na tundu lisilopungua inchi 5, na nyavu za omena milimita 10. Na lilifunga kazi ya omena tangu tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 31 Julai kila mwaka, ili samaki huyu apate kuzaa.

Mwaka 2007 zikatoka kanuni za kamati za ufuo, ambazo sote twaziita BMU. Na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria mpya ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi, ikachukua mahali pa ile ya 1989, na ikaanzisha Shirika la Uvuvi la Kenya.

Haya yote yameandikwa vizuri. Lakini sheria iliyoandikwa vizuri Nairobi yaweza kufanya kazi vibaya Mulukoba.

ANAYESHIKWA NI NANI?

Tuufuate wavu tangu mwanzo wake. Wavu wa uzi mmoja haushonwi Bunyala. Watengenezwa katika kiwanda nchi za mbali. Unapakiwa katika meli, unapita bandarini au unavuka mpaka, unalala katika ghala, unauzwa dukani kwa fedha taslimu. Ndipo unapofika kwa tajiri wa mashua, naye anaupeleka ziwani kwa mikono ya mabaria wake. Katika safari hiyo yote wavu umepita mbele ya macho ya watu wengi wenye kalamu na mihuri. Lakini siku ya kukamatwa, unakamatwa ukiwa mkononi mwa nani? Ukiwa mkononi mwa baria, saa tisa ya usiku, majini, amelowa na amechoka.

Baria si mwenye wavu. Si mwenye mashua. Hana hata kasia. Yeye ana mikono yake tu. Kwa desturi ya fuo zetu halipwi mshahara, hulipwa fungu. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mashua ya omena imeuza samaki wa shilingi 6,000. Kwanza yatolewa matumizi ya taa, mafuta na kushona nyavu, tuseme 2,000. Zabaki 4,000. Nusu, yaani 2,000, ni ya mwenye mashua aliyelala nyumbani kwake. Nusu ya pili wagawana mabaria wanne, kila mmoja shilingi 500. Na hiyo ni usiku wa bahati. Mwezi mpevu ukiangaza hakuna kazi, kwa kuwa omena hafuati taa penye mwanga wa mwezi. Dhoruba ikija hakuna kazi. Matumizi yakishinda mauzo, baria anarudi na samaki wa mboga tu.

Sasa mashua hiyo ikikamatwa na wavu mbaya, nani anayelala ndani? Ni baria. Nani anayetafutiwa dhamana na mama yake kwa kuuza kuku na mbuzi? Ni baria. Mwenye mashua akisikia habari aweza kusema hakujua vijana walichukua wavu gani, na kesho yake aajiri vijana wengine. Mwuza nyavu hasikii habari kabisa.

Twasema hiyo si haki, na zaidi ya kutokuwa haki, haifai kitu. Ukimfunga baria mmoja, wapo kumi wanaongoja mahali pake, maana njaa ni nyingi. Ukifunga ghala moja la nyavu mbaya, umeokoa samaki wa fuo ishirini kwa siku moja. Serikali ikitaka kweli kulinda samaki, ianze bandarini, mpakani na dukani. Nyavu zilizochomwa moto ufuoni mbele ya wapiga picha ni ushahidi kwamba ziliachwa zipite mahali pengine kwanza.

MIEZI MINNE BILA CHAKULA

Tuje kwenye katazo la omena. Omena huishi muda mfupi na huzaa upesi, na ukimpa nafasi hurudi kwa wingi. Hilo twalikubali. Lakini miezi minne ni theluthi ya mwaka. Aprili mpaka Julai ndiyo miezi ya mvua na palizi, ghala ni tupu, mahindi bado yako shambani, na ada ya shule yaitwa. Huko Bunyala ndiyo miezi ambayo mto Nzoia hujaa na mara nyingine kufukuza watu majumbani mwao. Basi miezi hiyo hiyo Serikali yamwambia baria, "Kaa." Imemwambia akae, lakini haikumwambia atakula nini.

Mtu atasema Serikali haina fedha za kulisha wavuvi, na kwamba hakuna nchi ifanyayo hivyo. Si kweli. Huko Brazil, ambayo si nchi ya Ulaya, iko sheria ya kumlipa mvuvi mdogo kiasi cha mshahara wa chini kwa kila mwezi anaokatazwa kuvua ili samaki wazae. Wao wamehesabu hivi: mvuvi anayeacha samaki wazae ameifanyia nchi kazi, na mtu aliyefanya kazi hulipwa. Hatusemi Kenya iige kila kitu. Twasema fikira yenyewe ni ya haki. Kama samaki ni mali ya taifa, basi kumlinda ni kazi ya taifa, na gharama yake isibebwe na mtu mmoja mwenye shilingi 500.

Ikiwa malipo hayapatikani kwa sasa, kazi ipo. Mitaro ya Bunyala yataka kuzibuliwa na kingo za mto zataka kutengenezwa. Fuo zetu hazina vyoo vya kutosha, na vichanja vya kuanikia omena ni vichache, hivyo samaki waanikwa chini na kuchanganyika na mchanga na kupoteza bei. Kwa nini kazi hizi zisitolewe miezi ile minne, kwa watu wale wale waliofungiwa ziwa, kwa malipo ya kila juma? Katazo lingeshikwa bila askari hata mmoja.

MSTARI USIOONEKANA

Sasa tuseme habari za mpaka. Kenya ina sehemu kama 6 tu katika kila 100 za ziwa hili. Nyingine zote ni za Uganda na Tanzania. Na mstari wa kugawa Kenya na Uganda uliandikwa London mwaka 1926. Kabla ya 1902 nchi yetu hii ya Busia ilikuwa ikihesabiwa kuwa Uganda. Wasamia wako huku na wako huko. Wateso wako huku na wako huko. Ndugu anavuka kwenda matangani kwa ndugu yake na kurudi jioni.

Ziwani mstari hauonekani. Usiku upepo ukivuma toka Kenya, mashua yasukumwa, na baria hana chombo cha kumwonyesha alipo. Mwaka 2017 Serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kuzuia uvuvi mbaya. Mashua nyingi zilichomwa, nyavu zikachomwa, na wavuvi wa Uganda wenyewe walilalamika kwamba walipigwa. Wavuvi wa upande wetu nao wamekamatwa mara nyingi karibu na visiwa vya Uganda, na habari zao zimeandikwa magazetini mara kwa mara: mashua na mashine kuchukuliwa, na jamaa kutafuta fedha za kuwakomboa. Kila upande una vipimo vyake. Uganda yakataza mashua iliyo fupi kuliko futi 28 katika ziwa hili. Mtu aweza kutoka nyumbani akiwa raia mwema, akasukumwa na upepo, akawa mhalifu kabla jua halijatoka.

Hatuilaumu Uganda kwa kulinda samaki. Yafaa tuseme kwamba mbuta aliyehifadhiwa na Uganda huja na huku kwetu, na omena aliyeachwa na Kenya huenda huko kwao. Ndiyo maana sheria mbalimbali katika ziwa moja ni mchezo wa kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Mama wa samaki wa Port Victoria anayefungiwa omena mwezi wa Aprili hatajiuliza habari za kizazi cha samaki. Atapanda gari mpaka Busia kununua omena wa upande wa pili, kwa bei ya juu, na aliye na mtaji mdogo atashindwa na kukaa nyumbani. Katika miezi hiyo faida yamwendea mwenye lori, na hasara yamwendea mwenye beseni.

Wakubwa wa nchi hizi wanajua dawa ya jambo hili, kwa kuwa walikwisha kuiandika. Tarehe 30 Juni 1994, pale Kisumu, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano ya kuanzisha shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, na ofisi yake iko Jinja, safari ya saa chache tu kutoka Malaba. Kazi yake ni kulinganisha sheria za samaki. Miaka zaidi ya 30 imepita tangu sahihi hizo.

Na mfano mwingine uko mlangoni petu. Mwezi wa Februari 2018 Marais wawili, Bw. Uhuru Kenyatta na Bw. Yoweri Museveni, walikuja Busia wakafungua kituo kimoja cha mpakani. Tangu hapo maofisa wa Kenya na wa Uganda wakaa katika jengo moja, na lori lakaguliwa mahali pamoja badala ya kukaguliwa mara mbili. Wafanya kazi wetu wa Busia na Malaba wayajua hayo, maana ndiyo kazi yao ya kila siku. Basi twauliza swali rahisi. Ikiwa nchi mbili zaweza kukaa meza moja kwa ajili ya lori la tajiri, mbona haziwezi kukaa meza moja kwa ajili ya mashua ya maskini? Mbona baria aliyepotea njia usiku asipelekwe mbele ya maofisa wa nchi zote mbili, wakasikia shauri lake siku hiyo hiyo, na mashua yake ikakaa salama mpaka hukumu?

MNYAMA WA SERIKALI

Hatuwezi kuzisema sheria za samaki bila kutaja na za wanyama, kwa sababu mafunzo yake ni yale yale. Wakati wa ukoloni mtu mwenye fedha alinunua kibali akawinda kwa bunduki, na aliitwa mwindaji. Mzee wa Kiteso au wa Kisamia aliyetega mtego ili watoto wale nyama aliitwa jangili. Sheria ilikuwa na mlango wa tajiri na ukuta wa maskini. Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, hata kwa mwenye kibali. Walioumia walikuwapo, lakini angalau katazo hilo lilimpiga mwenye bunduki pamoja na mwenye mkuki.

Leo kwetu mnyama mkubwa ni kiboko. Analala majini, usiku apanda mashambani Bunyala na Samia, ala mahindi na mpunga. Akikutana na mashua aipindua. Mamba naye hachagui. Raia hana ruhusa ya kumwua kwa kujitakia, na hilo twalielewa. Lakini mwenye ng'ombe akiacha ng'ombe wake wale shamba la jirani hulipa. Serikali ndiyo yenye kiboko. Sheria ya wanyama wa porini ya 2013 iliandika malipo ya shilingi 5,000,000 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama, na kiboko na mamba wamo katika orodha yake. Ni neno zuri. Lakini katika nchi nzima walalamikaji wamengoja malipo miaka mingi, na mjane wa baria hawezi kungoja miaka mingi. Tena wengi hawajui hata kwamba yafaa waandikishe habari mapema, wapate karatasi za polisi na za hospitali, na kuzipeleka kwa maofisa wa wanyama wa porini ili zifike katika kamati ya kaunti. Hapo chama kina kazi ya kufanya, na matawi yetu yaanze kuifanya bila kungoja mtu.

NA SISI WENYEWE?

Ndugu, ni rahisi kuinyoshea Serikali kidole. Sasa tujiangalie sisi.

Kanuni za 2007 zilisema kwamba katika kamati ya ufuo, wenye mashua wawe sehemu 30 katika 100, na mabaria nao wawe 30 katika 100. Wachuuzi wana sehemu yao, na wanawake wasipungue watatu. Yaani sheria ilimpa baria viti sawasawa na tajiri wake! Katika nchi yetu si viwanda vingi vyenye sheria ya namna hiyo. Lakini viti hivyo vimekaliwa na nani? Mara nyingi baria hakuja mkutanoni kwa sababu alikuwa amelala baada ya kazi ya usiku. Mara nyingine alichaguliwa ndugu ya mwenye mashua, akaitwa baria siku ya uchaguzi tu. Na mara nyingine, tuseme kweli, baria aliuza kura yake kwa bei ya chakula cha mchana. Haki iliyoandikwa haikunyang'anywa na mtu. Ilikaa mezani haikuchukuliwa.

Jambo la pili ni nyavu. Wako wenzetu wasemao, "Nikikataa kuingia katika mashua yenye wavu mbaya, mwingine ataingia." Ni kweli kabisa, ikiwa utakataa peke yako. Maneno hayo hayo yalisemwa zamani juu ya mishahara: nikikataa kazi ya senti chache, mwingine ataifanya. Ndiyo sababu wafanya kazi waliunda vyama. Mabaria wa ufuo mmoja wakikubaliana wote kwamba hakuna atakayeshika wavu wa uzi mmoja, tajiri atafanya nini? Ataingia ziwani mwenyewe? Atanunua wavu wa halali, hata kama kwa manung'uniko. Na mama wa samaki wakikubaliana kutonunua mbuta wa kiganja, wavu mbaya hautakuwa na faida tena. Nguvu hiyo ni kubwa kuliko ya askari, na haihitaji rungu.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo twapendekeza wanachama wayazungumze mambo haya katika mikutano ya matawi, na wakikubali yapelekwe mbele kwa jina la chama:

1. Mwingizaji na mwuza nyavu zilizokatazwa ashikwe kwanza, na mwenye mashua ajibu kwa wavu wake mwenyewe. Baria asifungwe kwa mali isiyo yake.

2. Miezi ya katazo iwe na malipo au kazi ya kulipwa kwa mabaria na mama wa samaki walioandikishwa ufuoni.

3. Kenya na Uganda ziwe na vipimo vya namna moja na miezi ya namna moja, na shauri la mashua iliyovuka mstari lisikizwe na maofisa wa pande zote mbili pamoja, kama inavyofanyika kwa malori.

4. Malipo ya waliouawa au kuumizwa na kiboko na mamba yatolewe kwa wakati, na baria ahesabiwe kuwa mfanya kazi aliyeumia kazini, ingawa analipwa kwa fungu.

5. Viti vya mabaria katika kamati za ufuo vikaliwe na mabaria wa kweli, na uchaguzi ufanywe saa ambayo watu wa kazi ya usiku wameamka.

Hili la tano halihitaji Bunge wala Rais. Lahitaji sisi tu. Kwa hiyo twaanza na hilo. Kila tawi lililo karibu na ziwa lifanye orodha ya mabaria wa ufuo wake, jina kwa jina, na mashua wanayoingia. Tawi la Busia na la Malaba yatoe watu wawili wawili wa kusaidia kuandika, maana huku mjini wanaojua kuandika ni wengi. Siku ya uchaguzi wa kamati, orodha iwe mkononi, na asiyekuwamo asikae katika kiti cha baria.

Samaki wakiisha, tajiri wa mashua atauza mashine yake afungue duka. Hamali, baria na mama wa samaki hawana cha kuuza isipokuwa kazi yao, na kazi yao yatoka majini. Ndiyo maana twasema kuwalinda samaki ni kazi ya chama kabla ya kuwa kazi ya askari.

Kila mwanachama akiisha kusoma karatasi hii ampe mwenzake. Asiyejua kusoma asomewe.